Usimwekee mzee ruba wa bwawani

Pole, ndugu. Umeuliza kama ruba wa bwawa la Hombolo watamsaidia baba yako mwenye damu iliyoganda mguuni, naye anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tafadhali usijaribu. Mate ya ruba yana hirudini, kemikali inayozuia thrombini, kimeng'enya cha damu, kugandisha damu, lakini ni kidogo na hufanya kazi palepale palipoumwa. Bonge lililo ndani ya mshipa haliguswi. Kwa anayetumia wafarini, kidonda kinaweza kuvuja saa nyingi, tena tumboni mwa ruba mna bakteria wa Aeromonasi, wanaoweza kuambukiza kidonda. Bivalirudini, dawa iliyoigwa kutoka hirudini, hutolewa kwa mshipa hospitalini tu. Mpeleke apime INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda; lengo kwa kawaida ni 2 hadi 3. Akibanwa pumzi ghafla au akitapika damu, kimbilieni Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, saa hiyohiyo, hata usiku.