Mwanao Anaimba Miezi Yote, Lakini Je, Anajua Huu ni Mwezi Gani?

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja, na tangu niusome sijatulia. Binti yake ana miaka mitano. Anaimba miezi yote kumi na miwili kwa madaha, bila kukwama, na wageni humpigia makofi. Siku moja babu yake akamuuliza, "Mjukuu wangu, huu ni mwezi gani?" Mtoto akafikiri, akajibu, "Jumatano." Watu wakaangua kicheko. Mtoto akalia, na tangu siku hiyo hataki kuimba tena. Mama anauliza amekosea wapi.

Dada yangu, mimi nilikosea kabla yako, na kosa langu lilimgharimu mtoto zaidi.

Kifunguamimba wangu alipokuwa na umri huohuo, nilimkalisha kila jioni mbele ya chati ya miezi, mkononi nina kijiti cha kuonyeshea. Januari. Februari. Machi. Akisahau mmoja, tunaanza upya. Nilitaka aingie darasa la kwanza akiwa mbele ya wenzake, kama unavyotaka wewe unayesoma hapa. Akashika yote. Nikajisifu kwa kila aliyenisikiliza.

Ikafika siku ya wazazi shuleni. Mwalimu akamuuliza mwezi gani unafuata baada ya Agosti. Mwanangu akaanza kunong'ona tangu Januari, akikunja kidole kwa kila mwezi. Alipofika Mei mwalimu akamkatiza, akanigeukia mbele ya wazazi wengine, akasema, "Huyu ni mzito." Leo kijana huyo yuko sekondari na hesabu anazipenda kuliko somo lolote, lakini neno lile bado linanichoma. Hakuwa mzito. Alikuwa njiani kuelekea Agosti kwa njia pekee niliyomwonyesha mimi mama yake. Kama angeachwa amalize, angefika.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nimefanya. Nilimpa majina bila kumpa kitu chenye majina hayo. Mtoto wa miaka minne huita "jana" kila kilichopita, hata cha mwaka mzima nyuma. Ameishi siku zipatazo 1,460 tu, na nyingi kati ya hizo hazikumbuki. Ukimwambia mwezi ni siku 30, umemtajia urefu ambao hajawahi kuupima kwa chochote.

Kitindamimba ndiye aliyenifundisha. Jioni moja nilisema kwa kupita tu, "Mwezi huu umekwisha, jamani." Akakimbilia dirishani. Akarudi na uso wa mtu aliyeonewa: "Mama, haujaisha, uko kule!" Nilisimama pale nikajiona nilikuwa nimekalia hazina miaka yote. Lugha yetu inauita mwezi wa angani na mwezi wa kalenda kwa jina moja, nami nilikuwa nabandika chati ukutani!

Tukaanza kuutazama. Kila usiku, uonekane usionekane, alitia jiwe moja dogo mkebeni. Tuliuona ukiwa mwandamo, ukawa nusu, ukapevuka, ukaanza kuliwa upande wa pili hadi ukapotea. Ulipoandama tena tukamwaga mawe sakafuni tukayahesabu: 29. Mara nyingine yalikuwa 30, maana mzunguko wake ni siku 29 na nusu hivi. Aliyapanga mstari mmoja mrefu, akatembea kando yake, akasema, "Mwezi ni huu wote?" Ndiyo mwanangu, ni huo wote. Nilitokwa na machozi.

Atakapokua atauliza kwa nini mawe hayalingani na kalenda ya ukutani. Hapo mwambie kwamba miandamo 12 inafanya siku 354 hivi, na mwaka wa jua una 365, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya ukutani. Kwa mtoto wa miaka mitano hayo ni mengi. Yaweke akiba.

Chati niliitoa. Ilikuwa na kosa ambalo sikuliona mpaka aliponiuliza, "Tukifika Desemba tunaanguka?" Orodha ina mwisho, mwaka hauna. Nikakata duara la karatasi ngumu, nikaligawa vipande 12, na kila tarehe mosi yeye mwenyewe husogeza kibanio cha nguo. Kwenye kila kipande alichora kitu kimoja kinachomtokea yeye: alipozaliwa, shule inapofungwa, dada yake anapoongeza umri. Tulianza na mwezi wake wa kuzaliwa. Januari haikumhusu.

Kando ya kila jina niliandika namba, kwa sababu "mwezi wa nane" inamwambia mtoto mahali ulipo, na "Agosti" haimwambii kitu. Majina haya tumeyapokea kutoka Kilatini, na mengine yanadanganya kabisa: Septemba imetokana na neno la "saba" na Oktoba na la "nane", kwa sababu kalenda ya kale ya Warumi ilianzia Machi. Mkubwa wangu alipoambiwa hivyo alipiga meza kwa hasira. Alihisi alikuwa ameonewa tangu utotoni, na sikumlaumu.

Siku za kila mwezi zinaweza kungoja mpaka miaka sita au saba. Kunja ngumi, uhesabu miezi kuanzia Januari kwenye kifundo cha kwanza, kisha bonde, kisha kifundo: kifundo ni siku 31, bonde ni pungufu. Ukifika kifundo cha mwisho anza upya kwenye cha kwanza, ndiyo maana Julai na Agosti zote ziko juu ya vifundo. Basi.

Majira ndiyo yaliyotutesa. Kitabu chetu kilikuwa na picha nne: maua, jua, majani yanayopukutika, theluji. Kando ya majani yale pameandikwa "vuli". Sasa masika na vuli kwa Kiswahili ni majina ya mvua, za masika nyingi na za vuli chache. Mtoto anasoma vuli, anaona majani makavu, anachungulia nje anaona kitu kingine, kisha tunasema hasikilizi! Mfundishe majira yaliyo nje ya mlango wenu. Kama ni mvua na kiangazi, iwe mvua na kiangazi. Ya wengine atayajua baadaye, na atafurahi kusikia kwamba Desemba ni baridi kaskazini mwa dunia huku kusini ni joto.

Sisi tulichomeka kijiti uani. Mara moja kila mwezi, saa sita mchana, aliweka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Mawe yakaanza kuhama. Mbali na ikweta kivuli hurefuka majira ya baridi na kufupika majira ya joto. Karibu na ikweta huelekea kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba. Usimwambie joto huja kwa sababu dunia imelikaribia jua. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kaskazini wakitetemeka. Sababu ni kwamba dunia imeinama, nyuzi 23.5 hivi. Chukua mpira na taa, uinamishe mpira, uupitishe kuizunguka taa bila kubadili upande ulioinamia. Ataona.

Wazazi wenzangu, tuache kuwafanya watoto maonyesho ya sebuleni. Tunawakaririsha ili sisi tusifiwe, na wakikwama mbele ya watu tunawaachia aibu waibebe peke yao. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nilifanya hivyo. Siku ile ya wazazi nilinyamaza. Nilipaswa kumjibu yule mwalimu palepale, mwanangu akisikia.

Kwa hiyo, dada, kwanza babu amwombe radhi mjukuu wake, tena mbele ya walewale waliocheka. Wimbo uache, usimlazimishe. Mwezi ukiandama tena, toka naye nje jua likishazama, mtazame upande wa magharibi. Mkikiona kile kiutepe chembamba, mpe jiwe la kwanza alitie mkebeni, na babu awe hapo. Kisha niandikie uniambie amesema nini.