Jengo limezinduliwa, glavu hakuna: maswali yenu kuhusu sera ya afya

Maswali ni mengi kuliko nafasi. Mliouliza dozi ya dawa ya mtu fulani nimewaacha. Muoneni daktari, hapa tunazungumzia serikali.

Serikali yetu ilianzisha bima ya afya ya hiari kwa walio nje ya ajira rasmi. Miaka miwili tu, mfuko unalia ukata. Pesa zimeliwa?

Huenda zimeliwa, lakini mfuko wa namna hii hufilisika hata ukikabidhiwa malaika. Bima ya hiari huwavuta wanaojua wataitumia: mjamzito wa miezi saba, mwenye kisukari, aliyeambiwa juzi kwamba nyonga yake inahitaji upasuaji. Mzima huangalia mchango, huangalia mwili wake, husubiri. Gharama kwa kila mwanachama inapanda, mfuko unaongeza mchango, wale wazima wachache waliokuwemo wanajitoa, na wastani unapanda tena. Kipindi cha kusubiri kabla ya kadi kufanya kazi kinasaidia. Kusajili kaya nzima badala ya mtu mmoja mmoja kunasaidia zaidi. Yote mawili hupunguza kasi tu. Hakuna nchi iliyowafikia wananchi wake wote kwa kutegemea michango ya hiari. Zilizofika zilifanya mchango kuwa lazima kwa mwenye uwezo, na hazina ikamlipia asiye nao. Serikali inayotaka bima kwa wote bila kutia fedha ya kodi inajidanganya, au inawadanganya ninyi.

Na hili hamkuuliza: hospitali ikimwambia mwenye kadi “mfumo uko chini, lipa taslimu”, msihangaike na mtandao. Ulizeni madai yake ya miezi mingapi hayajalipwa na mfuko.

Kwa nini hospitali ya wilaya yetu isipewe CT skani kama wenzetu?

Swali hili huja kila mara, na kila mara bila hesabu. Kununua mashine ni kazi rahisi. Kuiendesha ndiyo kazi: inataka umeme wa njia tatu usioyumba, kiyoyozi kisichozimwa, fundi sanifu wa mionzi kwa kila zamu, na daktari bingwa wa kusoma picha. Inataka pia mkataba wa matengenezo, ambao gharama yake kwa mwaka mara nyingi hukaribia sehemu ya kumi ya bei ya mashine. Tyubu ya eksirei huchakaa kwa matumizi ya kawaida; siku ikifa bila mkataba, mashine inabaki chumbani imefunikwa shuka. Leteni kwanza fungu la matengenezo la miaka mitano, lenye saini. Msipolipata, ombeni altrasaundi na mtu wa kuitumia.

Azimio la Abuja linataka asilimia 15 kwa afya. Waziri anasema tumekaribia. Tumwamini?

Kwanza, ile ahadi ya wakuu wa nchi za Afrika ya Aprili 2001 ni asilimia 15 ya bajeti ya serikali kwa mwaka, si ya pato la taifa. Barua tatu zimechanganya.

Pili, mwulizeni waziri anazungumzia tarakimu ipi, maana zipo tatu: iliyopitishwa bungeni, iliyotolewa na hazina, na iliyotumika. Fedha ikitoka mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa fedha, zabuni haiwezi kutangazwa, kufunguliwa, kupita muda wa rufaa na kusainiwa kabla ya vitabu kufungwa. Inarudi ilikotoka, na mwakani mtaambiwa sekta ya afya haina uwezo wa kutumia fedha. Ulizeni pia kama fedha za wafadhili zimehesabiwa humo. Mfadhili akiondoka, asilimia inaporomoka usiku mmoja.

Kisha fungueni fungu la matumizi mengineyo. Mishahara ina kelele, ujenzi una sherehe ya uzinduzi, matumizi mengineyo hayana mtetezi. Ndiyo maana hukatwa kwanza, na ndimo zilimo glavu, gesi ya jokofu la chanjo na mafuta ya gari la wagonjwa.

Wahudumu wa afya ya jamii waendelee kujitolea au walipwe?

Walipwe. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2018, na anayeshikilia kujitolea ajaribu yeye kwanza.

Takwimu zinasema asilimia 90 ya watoto wetu wamechanjwa surua. Mbona imezuka?

Kwa sababu aliyechanjwa si lazima awe amekingwa. Chukua watoto 100. Tisini wamepata dozi moja wakiwa na miezi tisa, na katika umri huo dozi hiyo hukinga takriban 85 katika kila 100. Waliokingwa ni 76 au 77. Surua huzuiwa na kinga ya watu takriban 95 kwa 100. Waliobaki hawaendi popote: wa mwaka huu wanajumlishwa na wa mwaka jana na wa juzi, na wasio na kinga wanapofikia idadi ya watoto wa mwaka mmoja mzima wa uzazi, mlipuko hungoja mgonjwa wa kwanza tu. Hapo ndipo dozi ya pili na kampeni za kujazia zinapohitajika, na ndizo huahirishwa kwa sababu “asilimia ni nzuri”.

Sasa njooni dirishani kwa muuguzi. Kichupa cha chanjo ya surua mara nyingi kina dozi kumi. Kikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa sita au kliniki ikifungwa, lolote litakalotangulia. Wamekuja watoto wawili. Akifungua, atatupa dozi nane na kuandika maelezo ya upotevu kwa bosi wake. Asipofungua, hakuna atakayemuuliza. Anamwambia mama, “Rudi Alhamisi.” Mama ametembea saa mbili, Alhamisi harudi. Wizara inaokoa dozi nane na kujinunulia mlipuko. Toeni waraka wa sentensi moja: kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na upotevu huo usimpe mtu karipio. Kisha agizeni chanjo kwa hesabu inayoukubali.

Kwa nini kodi yangu itunze wazazi wa wengine? Watoto wao wako wapi?

Wako kazini wakilipa kodi. Na mmoja wao, mara nyingi binti, ameacha kazi kumwogesha mama, kwa hiyo kodi yake huipati tena. Mzee asiye na wa kumpokea hubaki wodini baada ya kupona, kitanda kimezibwa, misuli inanywea kwa kulala, akija kutoka hawezi tena kusimama. Hapo unamlipia kwa bei ya hospitali, ambayo ndiyo ghali kuliko zote.

Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo ya muda mrefu mwaka 1995. Japani ikafuata mwaka 2000, na huko mtu huanza kuchangia akifika miaka 40. Katika nchi zote mbili anayepimwa ni mhitaji, si mkoba wake: anaweza kuinuka kitandani mwenyewe, kuoga, kuvaa, kula, kwenda choo? England imekwenda njia nyingine. Mwenye mali zaidi ya pauni 23,250 hujilipia matunzo yake, kiwango kilichowekwa mwaka 2010. Ukomo wa gharama uliopitishwa kwa sheria mwaka 2014 uliahirishwa tena na tena hadi ukafutwa mwaka 2024. Asiyetaka kuamua mapema aitazame hiyo.

Wakati mkisubiri sheria, hospitali ianze kupanga kuondoka kwa mzee siku anapolazwa: nani atampokea, ngazi za nyumbani ni ngapi, choo kiko wapi. Hilo halihitaji bunge.

Kodi ya soda na sigara inasaidia, au ni kutunyonya tu?

Inategemea ilivyoandikwa. Uingereza iliitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari mwaka 2016 na kuianza 2018, kwa ngazi: ilianzia kwenye gramu 5 za sukari kwa mililita 100, ikawa kubwa zaidi kuanzia gramu 8. Viwanda vingi vikapunguza sukari kabla hata ya kodi kuanza kutozwa. Kodi inayolingana kwa kila chupa isingewapa sababu hiyo. Kwa sigara ni kinyume: ngazi humsaidia mvutaji kushuka kwenye sigara ya bei nafuu. Wekeni kiasi kimoja kwa kila pakiti, na kiongezwe kila mwaka kupita mfumuko wa bei. Na msitoze asilimia ya bei ya kiwandani peke yake, kwa sababu bei hiyo huandikwa na kiwanda.