Magongo yanabana mbavuni, sio kwapani

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi nauza chapati na rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) hapa Arua mjini, Uganda. Boda ilinigonga mguu ukavunjika, sasa natembelea magongo ya kaka yangu ambaye ni mrefu kunizidi. Nikiwa kazini nayasimamisha kwapani alafu najiachia juu yake ili mikono yote miwili ifanye kazi. Mkono wa kulia ulianza kwa ganzi nyuma ya kiganja karibu na kidole gumba, siku zilivyoenda kiganja kikaanza kuning'inia, siwezi kukiinua, kugeuza chapati kumenishinda na hata kukanda unga nguvu hamna. Jirani anasema ni kiharusi, mama anataka kunikanda kwapa na mafuta ya moto. Nifanye nini? Msomaji, Arua

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwanza yaache hayo magongo leo hii, usisubiri kesho, maana kwa ulivyoeleza yenyewe ndio yanakuumiza.

Kwapa watu tunalijua kwa jasho tu, lakini ndani yake ndio mlango wa mkono. Mbele limezibwa na msuli wa kifua, nyuma kuna misuli ya bega na mgongo, upande wa ndani mbavu, upande wa nje mfupa wa mkono wa juu. Chini sasa, hapo hakuna mfupa wala msuli wa kukinga, ni ngozi na mafuta basi, na gongo linaingilia hapo hapo! Humo ndani unapita mshipa mkubwa wa damu wa mkono pamoja na neva, yaani mishipa ya fahamu, zinatoka shingoni kwa mizizi 5, zinachanganyikana, zikifika kwapani zinagawanyika kuwa neva kubwa 5.

Moja inaitwa neva ya radiali, na nadhani ndio yako. Inapita nyuma, inauzunguka mfupa wa mkono wa juu kama kamba, inatokea upande wa nje wa kiwiko. Njiani inaupa nguvu msuli wa nyuma ya mkono ule wa kunyoosha kiwiko, kisha ile misuli ya kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Ndio maana hilo neno lako la kukanda unga limenigusa, kwa sababu ukikanda unasukuma, yaani unanyoosha kiwiko, na ingekuwa neva imebanwa chini katikati ya mkono, kusukuma kwa kawaida kungebaki. Kwako vyote vimelegea, kwa hiyo nahisi tatizo limeanzia juu, kwapani.

Jaribu hivi: shika kitambaa na mkono mgonjwa, utaona hakishikiki vizuri. Sasa mkono wa kushoto ukiinulie kifundo, shika tena. Nguvu ikirudi, ujue neva za kukunja vidole ni nzima, kifundo tu ndio kilikosa wa kukiinua.

Kiharusi mara nyingi kinakuja ghafla, mdomo unapinda, maneno yanakwama, mguu wa upande huo nao unalegea. Ukiona hata moja ya hayo, kimbia hospitali. Na mkono ukiwa wa baridi, umepauka, mapigo hayasikiki kifundoni, nenda siku hiyo hiyo, gongo linaweza kuumiza mshipa wa damu pia. Hata bila hayo, wiki hii nenda hospitali ya rufaa hapo Arua wakupime, wakuwekee kibao cha kushikilia kifundo na mazoezi.

Mama mwambie kwa upole mafuta ya moto hapana, penye ganzi unaungua bila kusikia, na karibu na kikaango uwe macho vile vile.

Neva iliyobanwa tu hupona kwa wiki au miezi michache. Ikiwa nyuzi zake zimekatika ndani inaota kama milimita 1 kwa siku, sentimita 30 ni siku 300, ndio maana nakuharakisha.

Magongo mapya yawe ya kimo chako: ukisimama, vidole 2 au 3 vipite kati ya kwapa na gongo, mshikio ulingane na kifundo cha mkono, kiwiko kikunjike kidogo, uzito ubebwe na viganja, na kichwa cha gongo ukibane mbavuni. Kazini tafuta stuli ndefu ukae.

SWALI: Kwa nini nikigonga kiwiko kwenye dawati napigwa kama shoti mpaka kidole cha mwisho? Msomaji, Jinja

JIBU: Hiyo ni neva ya alna, inapita nyuma ya kile kinundu cha ndani cha kiwiko ikiwa na ngozi tu juu yake, mpaka kidole kidogo na nusu ya kinachofuata. Kugonga mara moja sio shida. Ila ganzi ikikujia kila ukiongea simu muda mrefu au usiku, ni kwa sababu kiwiko kilichokunjwa kinaivuta, kwa hiyo wakati wa kulala zungushia taulo kiwiko kisikunjike, na kidole kikianza kukosa nguvu nenda ukapimwe.