Maswali ya Wasomaji: Siku 14 za Kunywa Tu Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga, na umri wangu ni miaka 41. Nina uzito wa kilo 128 na urefu wa sentimita 162, nina kisukari na presha, na baada ya kuhangaika kwa miaka mingi nimepangiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula huko Dar es Salaam. Nimeelekezwa nisile kitu chochote kigumu kwa siku 14, bali ninywe maziwa yaliyopunguzwa mafuta, unga wa protini, supu iliyochujwa na maji. Leo ni siku ya tano. Kichwa kinaniuma, ninatetemeka, ninamkasirikia kila mtu, na juzi, nilipokuwa ninawapakulia wanangu wali, nilikula sahani nzima nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikalia. Mama mkwe ananihimiza ninywe uji wa ulezi na madafu, kwa kuwa navyo ni vya kunywa. Jumamosi ni harusi ya shemeji yangu. Je, nimeshaharibu? Nimwambie daktari? Na kwa nini niteswe na njaa ilhali upasuaji wenyewe ndio utakaonipunguza?
Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi nilikutumia siku ile ile barua yako ilipofika, kwa sababu lilikuwa na jambo lisiloweza kusubiri gazeti lichapwe. Hapa ninalieleza kwa urefu kwa ajili ya wewe na wengine walio katika njia hiyo hiyo.

Jambo lenyewe ni hilo neno ulilolipitia haraka: kutetemeka. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini zaidi, kama vile glibenklamidi na gliklazidi, dawa yake ilipimwa kwa mtu anayekula ugali, wali na chapati. Anapoacha wanga ghafla huku akiendelea na dozi ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Kwa hiyo mpigie daktari wako leo, umtajie kila dawa unayotumia, ili akuambie ipi ipunguzwe na ipi isimamishwe, usiamue mwenyewe. Pima sukari kila unapotetemeka, unapotokwa jasho jembamba au moyo unapokwenda mbio. Kipimo kikisoma chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari katika maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Hapo sukari ni dawa, na wala hujavunja masharti.

Dawa za presha nazo zinahitaji kutazamwa, hasa ile inayokojoza, kwa sababu katika siku hizi za mwanzo mwili wenyewe unatoa maji mengi, na mtu anayesimama ghafla anaweza kuona giza na kuanguka. Na kama mojawapo ya dawa zako za kisukari jina lake linaishia na "flozini", mfano dapagliflozini au empagliflozini, uliza ni siku gani hasa uiache kabla ya upasuaji. Dawa hizo, zikikutana na njaa, zinaweza kuijaza damu tindikali hata pale kipimo cha sukari kinapoonyesha kuwa hali ni shwari.

Sasa niingie katika swali lako la mwisho, kwa maana nimegundua kwamba mgonjwa asiyejua sababu ya masharti haya huyaona kama adhabu, au kama mtihani wa kupima kama anastahili kupasuliwa. Si adhabu wala mtihani, na lengo lake kuu hata si kukupunguza kilo. Kinachoandaliwa ni ini lako.

Ini limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, lakini sehemu yake ya kushoto hupita juu ya tumbo la chakula na kuifunika ile sehemu ambapo umio unaungana na tumbo. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa, na hasa mwenye kisukari, ini mara nyingi limejaa mafuta, limevimba, limekuwa zito na laini kiasi cha kuchanika kwa urahisi. Daktari wa upasuaji atakufanyia kazi kupitia matundu madogo, akiongozwa na kamera, na ni lazima alinyanyue ini hilo kwa chombo maalumu na kulishikilia muda wote ili aone anapokata. Likiwa kubwa mno halinyanyuki vizuri. Likichanika, linatoka damu. Wakati mwingine daktari hulazimika kuacha matundu na kupasua tumbo kwa mkato mrefu, au kusitisha kazi na kumfunga mgonjwa bila kufanya kilichokusudiwa.

Habari njema ni kwamba ini hupungua upesi. Ndani yake kuna akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga kwa siku chache, akiba hiyo inatumika, maji yanaondoka nayo, na baada ya hapo mwili unaanza kuyachoma mafuta, yakiwamo yale yaliyojazana ndani ya ini lenyewe. Ndiyo maana wiki mbili tu zinatosha kuleta tofauti ambayo daktari anaiona kwa macho yake, ijapokuwa wewe ukijitazama kwenye kioo huoni kitu.

Niseme pia, kwa kuwa mtaani watu husema "kukatwa utumbo", kwamba katika upasuaji wa aina inayofanywa zaidi utumbo hauguswi: huondolewa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu robo tatu au zaidi, na kinachobaki ni mrija mwembamba. Upo upasuaji mwingine unaobadilisha njia ya utumbo. Ini linapaswa kunyanyuliwa katika aina zote mbili.

Ukishalijua hilo, suala la uji wa ulezi na madafu linajijibu. Kinachotakiwa si kimiminika kwa sababu tu kinamiminika; kinachotakiwa ni kinywaji chenye protini ya kutosha na chenye wanga, sukari na mafuta kidogo. Uji wa ulezi ni chakula kizuri na nimewahimiza wengi waunywe, lakini ni unga, na unga ukishameng'enywa ni sukari inayorudi kwenye ini kujaza ile akiba unayojaribu kuimaliza. Ndivyo ilivyo kwa uji wa lishe, togwa, maziwa yaliyosagwa na tende, juisi ya embe au ya miwa, na mtori. Madafu yana sukari yake, na pia yana potasiamu nyingi, jambo ambalo mtumiaji wa baadhi ya dawa za presha anapaswa kuliulizia kwanza. Supu ya makongoro yenye mafuta yanayoelea, au mchuzi wa tui la nazi uliochujwa, haina nafasi kabisa katika siku hizi. Mama mkwe wako anakupenda na anaogopa utadhoofika. Mweleze habari ya ini kama nilivyokueleza, umwambie kwamba ni masharti ya daktari na yana mwisho wake, kisha umwombe akusaidie kwa kukuchemshia supu ya kuku isiyo na ngozi, aipoze, aondoe mafuta yote yaliyoganda juu na kuichuja. Mkwe aliyepewa kazi hana muda wa kukuletea uji.

Kuhusu kipimo, fuata karatasi uliyopewa na hospitali yako kuliko maneno yangu, lakini mipango mingi ya namna hii huwa na kilokalori 800 hadi 1,000 kwa siku, na protini gramu 60 hadi 80. Lita moja ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta ina takriban gramu 33 za protini, na kipimo kimoja cha unga wa protini mara nyingi kina gramu 20 hadi 25. Ukihesabu utaona kwamba lita moja na robo ya maziwa pamoja na kipimo kimoja cha unga inakufikisha. Wewe uko Tanga, mji wa maziwa, hivyo hilo si gumu kwako, ila ukinunua maziwa ya kupimiwa yachemshe, yaache yapoe usiku kucha na uondoe malai yote asubuhi. Mtindi usio na sukari unafaa pia. Gawa kiasi chako katika vikombe vitano au sita, uvinywe kila baada ya saa mbili na nusu au tatu kwa kutazama saa. Usisubiri njaa ikuamshe, kwa sababu njaa iliyokwisha kupanda ndiyo iliyokupeleka kwenye ule wali. Katikati yake kunywa maji, chai ya rangi, ya mchaichai au ya tangawizi, vyote bila sukari, hadi jumla ya vinywaji vyote ifike lita 2 au zaidi.

Kichwa kinakuuma kwa sababu mwili umo katikati ya kubadilisha kuni: sukari imepungua na bado haujazoea kuchoma mafuta. Siku ya pili hadi ya nne, na kwa wengine ya tano, ndizo ngumu kuliko zote. Kama ulikuwa mnywaji wa kahawa, chai nzito au soda nyeusi na ukaviacha kwa mkupuo, hilo nalo huumiza kichwa. Baada ya hapo wengi huona njaa imetulia, ingawa pumzi hupata harufu ya ajabu na choo huwa kigumu. Usione haya kumwomba daktari dawa ya kulainisha choo. Lakini ukitapika mfululizo, ukashindwa kushikilia hata maji, ukachanganyikiwa, au ukapumua kwa kasi na tumbo likakuuma, nenda hospitali usiku huo huo.

Na ile sahani ya wali? Hapana, hujaharibu. Sahani moja katika siku 14 haijalirudisha ini lilipokuwa. Kitakachokudhuru ni mawili yanayofuata mara nyingi baada ya sahani ya namna hiyo: la kwanza, kujifungisha siku nzima kama fidia, jambo ambalo kwa mwenye kisukari ni hatari, la pili, kusema "nimeshaharibu" na kuendelea kula. Rudi kwenye kikombe kinachofuata kana kwamba wali haukuwapo. Na ndiyo, mwambie daktari, bila kupunguza neno. Anahitaji kujua atakachokikuta ndani. Nimewaona wagonjwa waliosema "nimefuata kila kitu" kwa aibu, na aibu hiyo iliwaumiza zaidi ya chakula walichokula. Ukiwa umekula mara nyingi, huenda akasogeza tarehe mbele kwa wiki moja. Kusogezewa tarehe ni jambo dogo sana ukililinganisha na ini lililochanika mezani.

Lililonigusa zaidi katika barua yako ni kwamba unapika mwenyewe. Kumtaka mtu mwenye njaa ya siku ya tano asimame juu ya sufuria ya wali mara mbili kwa siku ni kumtwisha mzigo ambao hata mzima hauwezi. Kwa siku 9 zilizobaki mume wako, dada yako au binti yako akiwa mkubwa apike, na hata vitumbua vya asubuhi vinunuliwe nje. Ikibidi upike, kunywa kikombe chako kwanza, na kuonja chumvi umwachie mwingine. Wakati wa kula usijifungie chumbani. Kaa mkekani na wanao, na kikombe chako mkononi, unywe taratibu kwa mafunda madogo. Hayo mafunda utayahitaji tena baada ya upasuaji, kwa kuwa utaanza upya na vimiminika kwa wiki kadhaa, na tumbo dogo halipokei mkupuo.

Harusini nenda. Uhudhurie nikaha, umpongeze shemeji yako, uwe umekunywa kikombe chako kabla ya kutoka na kingine ukibebe kwenye chupa, kisha uage kabla pilau halijapakuliwa. Mwambie mapema mtu mmoja unayemwamini akupishie njia, ili usilazimike kumweleza kila shangazi kwa nini huli.

SWALI: Mshauri, mimi nimepangiwa upasuaji kama huo hapa Mombasa na nimepewa wiki 4 za maziwa, lakini rafiki yangu alipewa wiki moja tu, tena akiruhusiwa mlo mmoja wa samaki na mboga kila siku. Nani amekosewa? Na maziwa haya niyanywe hadi asubuhi ya upasuaji?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, hakuna aliyekosewa. Hospitali hazina mpango mmoja, na muda hutegemea uzito, ukubwa wa ini, kisukari na mazoea ya daktari mwenyewe. Mwenye uzito mkubwa zaidi mara nyingi hupewa muda mrefu zaidi. Usichanganye karatasi yako na ya rafiki yako.

Swali la pili ndilo lenye hatari. Maziwa, ijapokuwa ni ya kunywa, daktari wa usingizi huyahesabu kama chakula, kwa sababu yakifika tumboni huganda na hukawia kutoka. Kanuni ya kawaida ni kuyaacha angalau saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, na maji matupu angalau saa 2 kabla, lakini hospitali nyingi huagiza usinywe chochote kuanzia usiku wa manane; uliza na uandike saa uliyotajiwa. Mtu akilala usingizi wa dawa tumbo likiwa na maziwa, yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ukijisahau ukanywa, mwambie muuguzi kabla hujaingia chumba cha upasuaji, hata kama umeshavaa gauni na kitanda kinasukumwa.