Risiva inajizima yenyewe, ninunue kubwa?

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nimetengenezewa shokesi ya mninga ukuta mzima wa sebule, seremala kafanya kazi safi kweli, milango ya kioo, waya hazionekani, risiva ya 5.1 (ile ya kuendesha spika tano na sabufa moja) iko ndani, sabufa chini, spika ya katikati juu ya droo. Shida tukiangalia muvi kama saa moja hivi risiva inajizima, ikipoa inawaka. Na besi ikipiga vioo vinalia mpaka mama watoto anachukua rimoti anazima. Jamaa wa dukani anasema risiva imezidiwa, ninunue kubwa. Ninunue? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usinunue bwana, hela ikae kwanza. Ukiweka kubwa humo utakuwa umeongeza jiko tu kwenye kabati lilelile. Umeme mwingi unaoingia kwenye risiva hautoki kama muziki, unatoka kama joto, na wewe joto umelifungia na kioo, sasa ikijizima inajilinda, haijafa. Leo jioni acha mlango wazi muvi nzima. Isipozima, jibu umepata bure. Ikizima hata hivyo, angalia nyuma kwenye waya za spika, uzi mmoja tu ukigusa wa jirani yake inatosha kuizima. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, ncha za shaba zilizogeuka kijani zikate umenye upya.

Kisha mrudishe seremala. Wengi wao wanatoboa kitundu cha plagi wanaona wamemaliza (sisemi wako, ila nimeshaona nyingi). Joto linapanda, kwa hiyo unataka uwazi chini hewa iingie na mwingine juu nyuma itoke, ukitoboa chini tu umefanya kazi bure. Juu ya risiva acha sentimita 10 hadi 15, usiweke dikoda wala chochote juu yake. Ukitaka zaidi funga feni ya kompyuta ya milimita 120 pale juu, ivute hewa kuitoa nje, zipo za USB na hazipigi kelele.

Sabufa itoe humo kabisa, shokesi imeshageuka ngoma ndo maana vioo vinalia. Kujua pa kuiweka, ipandishe kwenye kochi unalokaaga, piga wimbo wenye besi, halafu wewe tambaa pembeni mwa kuta ukisikiliza, watoto watakucheka lakini pale besi inaposikika safi bila kuvuma ndo mahali pake. Spika ya katikati isogeze mbele mpaka ukingo wa rafu, na mlango wake toa kioo weka kitambaa cha spika. Waya ya spika ya milimita za mraba 2.5 kwa sebule ya kawaida inatosha, usiuziwe za bei ya pikipiki.

SWALI: Mdogo wangu yuko Houston, Marekani, kanitumia risiva kali, nichomeke tu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Soma nyuma kwanza! Kama imeandikwa 120V peke yake ukiichomeka kwenye 240 ya huko unaiunguza. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, na iwe na wati karibu mara mbili ya zile zilizoandikwa kwenye risiva. Na yenyewe inapata moto, isikae kabatini.