Ukitaka kitunguu kikubwa, lea majani kwanza

Kila ninapoulizwa siri ya vitunguu vikubwa, swali huwa ni la mbolea. Mimi huanza na mbegu. Kitunguu hakingoji umri fulani ili kitunge, yaani kivimbe chini. Hutunga mchana unapofikia urefu unaotakiwa na aina yake. Kuna aina zinazotosheka na saa 10 hadi 12 za mwanga, kama Red Creole na Texas Grano. Kuna za katikati, na kuna zile zinazotaka saa 14 au zaidi, kama Ailsa Craig, inayopendwa na wanaoshindania ukubwa. Hiyo ya mwisho ukiipanda karibu na ikweta utavuna majani tu. Ya mchana mfupi nayo ukiipanda mbali na ikweta, siku zikiwa zinarefuka, itatunga ingali changa na utaambulia vigololi. Kwa hiyo soma pakiti kabla ya kulipa.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote: kila jani ni tabaka moja la kitunguu. Jani nene huzaa tabaka nene. Mmea ulioanza kutunga ukiwa na majani matano, umwagie samadi ya zizi zima, hautajaza kiganja. Ukubwa huamuliwa kabla kitunguu chenyewe hakijaonekana.

Mbegu za vitunguu huzeeka upesi, kwa hiyo za msimu wa karibu ndizo za kuaminika. Kwenye kitalu nazifukia kina cha sentimita 1, kwa mistari, na udongo haukauki hata siku moja. Baada ya siku 7 hadi 10 hivi mche hutoka umejikunja, ncha ikiwa bado ardhini, halafu hujinyoosha ukiwa umebeba ganda jeusi la mbegu kichwani. Usilivute, litaanguka lenyewe.

Wiki ya 6 hadi ya 8, miche ikikaribia unene wa penseli, nahamishia bustanini. Iliyo dhaifu naila na mayai. Nafasi ni sentimita 15 kati ya mche na mche, 20 kama unataka majitu. Hapa ndipo wengi roho huwashinda: tuta linaonekana tupu, mkono unachomeka mche mwingine katikati. Uache! Pia usizamishe mche. Sentimita 2 au 3 zinatosha kuusimamisha.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi na haina matawi mengi, hivyo haiwezi kugombana na magugu. Napalilia kwa mkono, maana jembe huikata, na natandaza nyasi kavu. Maji yawe ya mara kwa mara. Mbolea yenye naitrojeni ni ya mwanzoni, wakati wa majani. Kitunguu kikianza kuvimba naacha kabisa. Ukiendelea, utapata shingo nene isiyofunga, na kitunguu cha namna hiyo huoza mapema.

Fungua majani ya katikati mara kwa mara, pale yanapoachana. Ukiona vidudu vyembamba vya manjano vikikimbia, na michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani, hao ni vithiripi. Wanafyonza jani, yaani wanakula kitunguu chako kabla hakijatunga. Nikiwawahi, huwapiga maji ya nguvu asubuhi, na huwa inatosha.

Kitunguu kikianza kutokeza juu ya udongo, kiache hivyo hivyo, usikifukie. Mmea ukitoa shina la maua, uule mapema, maana hautakaa ghalani. Nusu ya majani yakilala yenyewe, kata maji. Wako wanaoyakanyaga ili yalale haraka. Sioni faida yake, kwani jani la kijani bado linalisha kitunguu, na ukilivunja unaufungulia ugonjwa mlango.

Ng'oa siku kavu, utandaze kivulini penye upepo wiki 2 au 3, hadi shingo ikauke na ganda la nje lianze kulia ukiligusa. Majitu yana maji mengi na hayadumu kama madogo, kwa hiyo jikoni anza nayo, ya wastani yabaki kwenye wavu.