Bodi haijafa: kwa unayeanza kujenga imeji za Linux huku Kusini

Vijana wanaokuja kujifunza kazi hii hapa Mtwara siwaulizi wanajua lugha gani ya programu. Nawauliza kama wana waya wa siriali, ule unaounganisha bodi na laptopu ili usome maandishi ambayo bodi inayatoa ikiwaka. Wengi hawana. Wamenunua bodi, wamenunua memori kadi, wamepakua imeji (faili moja lenye mfumo mzima wa kuandikwa kwenye kadi) ya GB kadhaa kwa bando la kuungaunga, wamechomeka umeme, taa imewaka, basi. Skrini nyeusi. Ndipo wanapokuja wakisema, "Kaka, bodi imekufa."

Nami huuliza: "Imefia wapi?"

Kifaa kidogo chenye Linux ndani yake, iwe mizani ya korosho ghalani au kisanduku cha kupima joto la friji ya samaki, hakiwaki kwa mkupuo mmoja. Kinawaka kwa kupokezana vijiti. Ndani ya chipu kuna programu fupi iliyochomwa kiwandani, ambayo wewe huwezi kuibadilisha. Hiyo inatafuta butiloda ya kwanza, yaani programu ya kuwashia, kwenye kadi au kwenye memori ya bodi. Butiloda ya kwanza ni ndogo kwa sababu RAM kubwa bado haijaamshwa, na kazi yake hasa ni kuiamsha. Kisha inaita butiloda kamili, mara nyingi U-Boot. U-Boot inapakia kerneli, kiini chenyewe cha Linux, pamoja na faili la dtb, lile linaloieleza kerneli bodi ina vifaa gani na vimekaa anwani gani. Kerneli inafungua mfumo wa mafaili, inaanzisha programu ya kwanza, na hapo tu ndipo unapoona neno la kukutaka uingie. Kijiti kinaweza kuanguka popote njiani, na kwa mtu anayetazama skrini tu, kote kunafanana.

Kwa hiyo nunua waya wa siriali kabla ya kununua kitu kingine chochote. Uwe wa volti 3.3. Kuna wenye volti 5 unaofanana nao kabisa kwa macho, na huo unaweza kuua chipu kweli, siyo kwa kudhania. Nitatumia BeagleBone Black kama mfano, bodi iliyotoka mwaka 2013, kwa sababu nyaraka zake ziko wazi na bado inafundisha vizuri. Ina pini sita zimejipanga peke yake, zimeandikwa J1. Pini ya 1 ni ardhi, ya 4 inapokea, ya 5 inatuma. Anayetuma huku anaunganishwa na anayepokea kule. Ukiunganisha mtumaji kwa mtumaji utakaa kimya mpaka magharibi. Kwenye laptopu andika `picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`. Ukiambiwa huna ruhusa, jiingize kwenye kundi la `dialout`, toka, ingia tena. Usizoee kuweka `sudo` mbele ya kila kitu.

Sasa washa bodi, usome.

Usipoona herufi hata moja, shuku umeme na waya kabla ya kushuku Linux. Chaja ya simu iliyochoka inatosha kuwasha taa lakini haitoshi kuwasha bodi.

Ukiona `CCCC` zinatoka moja moja, shukuru. Chipu iko hai. Haikupata butiloda mahali popote, kwa hiyo inaomba itumiwe kupitia waya huohuo. Kwenye familia hii ya chipu, AM335x, butiloda ya kwanza ni faili linaloitwa `MLO`. Mara nyingi mtu aliburuta faili la imeji akalidondosha kwenye kadi kama anavyohamisha wimbo, badala ya kuliandika kadi nzima. Tumia `bmaptool` au `dd`, na kabla ya `dd` andika `lsblk` uangalie jina la kadi kwa ukubwa wake. `dd` haiulizi mara mbili. Ukiielekeza kwenye diski ya laptopu itaifuta kwa utiifu uleule.

Ukiona onyo la `bad CRC, using default environment`, endelea na chai yako. U-Boot inasema tu kwamba haijawahi kuhifadhiwa mipangilio, hivyo inatumia ya kuzaliwa nayo. Sijui ni saa ngapi za vijana wa nchi hii zimepotelea kwenye mstari huu usio na kosa.

Halafu kuna mstari ambao nataka ukae nao: `Starting kernel ...` kisha kimya. Hapa ndipo wageni wengi wanaandika upya kadi, wanabadilisha kadi, wanapakua imeji nyingine, wanarudi palepale. Lakini fikiri. U-Boot imefanya kazi yake yote na imekabidhi. Mara nyingi sana kerneli inakimbia vizuri tu, ila inaongea kwenye mlango ambao wewe hukusikiliza. Mlango huo unatajwa kwenye neno `console=`, na jina lake hubadilika kulingana na chipu: `ttyS0` kwa BeagleBone kwa kerneli za sasa, `ttyO0` kwa kerneli zake za zamani, `ttymxc0` na wenzake kwa chipu za i.MX, `ttySTM0` kwa STM32MP. Ukichukua mstari kutoka kwenye maelezo ya bodi ya mtu mwingine, umechukua na mlango wake. Simamisha U-Boot kwa kubonyeza kitufe wakati inahesabu, andika `printenv`, tazama nini kinapelekwa kwa kerneli. Kama mlango ni sahihi na bado kimya, ongeza neno `earlycon` ili kerneli iseme mapema kabla dereva kamili haijaamka. Bado kimya? Basi tazama faili la dtb: huenda limejengwa kwa ajili ya ndugu wa bodi yako, siyo kwa bodi yako.

Ukivuka hapo, kosa linalofuata kwa umaarufu ni `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block`, na mbele yake namba mbili kwenye mabano. Watu husoma maneno wakaacha namba, na jibu liko kwenye namba. Zikiwa 0,0, kerneli haikuiona kadi kabisa: dereva haimo, au jina la `root=` limekosewa, au haikusubiri kadi iamke, na hapo `rootwait` hutibu. Zikiwa 179,2, kadi imeonekana, sehemu ya pili imeonekana, ila kilichomo hakifunguki. Ama aina ya mfumo wa mafaili haimo kwenye kerneli, ama umeharibika. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kuhusu kujenga imeji yenyewe, BSP ni kifurushi cha mwenye bodi: butiloda, kerneli, dtb na mapishi ya kuvijenga, vyote vikiwa vimepimwa pamoja. Zana za kujengea ni mbili, Buildroot na Yocto. Buildroot ni nyepesi, na kwa kifaa kimoja chenye kazi moja mimi ningeanza nayo. Yocto ni nzito ila ndiyo ambayo watengenezaji wengi wa chipu wanaitolea BSP, kwa hiyo huwezi kuikwepa milele.

Kwenye Yocto, kosa la mwanzo ni kuchanganya matoleo. Dunfell ni la 2020, Scarthgap la 2024, na kila tabaka, yaani folda ya mapishi, linatangaza linaendana na lipi. Ukichukua msingi wa Scarthgap ukauwekea BSP ya Dunfell, `bitbake`, amri ya kujengea ya Yocto, itagoma na kukuambia waziwazi kwamba haviendani. Kijana mjanja hufungua `LAYERSERIES_COMPAT`, anaongeza neno `scarthgap`, makelele yanaisha. Makelele yameisha, tatizo liko palepale. Namna ya kuandika mapishi ilibadilika tangu toleo la Oktoba 2021: palipokuwa `_append` sasa ni `:append`. Fuata toleo la BSP, kisha chukua msingi unaolingana nalo. Usifanye kinyume.

Sasa jambo la huku kwetu. Ujenzi wa kwanza unavuta vyanzo vingi sana kutoka mtandaoni, na miongozo ya Yocto ya miaka ya karibuni imetaka nafasi ya diski ya GB 90, baadaye 140. Mtu wa Dar anaweza kuanza asubuhi bila kufikiri. Wewe kumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara pale Somanga wilayani Kilwa, basi likawa halipiti wala mzigo wa Kariakoo haufiki. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, nchi nzima ikadorora. Aliyekuwa na vyanzo vyake kwenye diski aliendelea na kazi.

Kwa hiyo weka `DL_DIR` (vyanzo vilivyopakuliwa) na `SSTATE_DIR` (matokeo ya ujenzi uliokwishafanyika) nje ya folda ya ujenzi, kwenye diski ya pembeni, ili ukifuta ujenzi usivifute navyo. Siku una intaneti nzuri, endesha `bitbake --runall=fetch` kwa imeji yako, ivute kila kitu bila kujenga chochote. Kisha weka `BB_NO_NETWORK = "1"` ujenge. Ikikamilika, unajua unaweza kuirudia hata mnara ukiwa umezima. Kwenye Buildroot amri ni `make source` tu. Diski hiyo moja mnaweza kupokezana watu watano, na bando la kila mmoja likapona. Kama nafasi ni finyu, `rm_work` husafisha njiani.

Kifaa kikienda kazini, mambo hubadilika. Ghalani umeme unakatika bila kuaga, tena katikati ya mnada, na kadi iliyokuwa inaandikwa wakati huo inaweza kuharibika. Funga mfumo mkuu usome tu, usiandikwe. Data ipewe sehemu yake. Na kifaa kikikaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani, chumvi inakula pini za kadi. Bodi yenye eMMC, memori iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe, inavumilia zaidi.

La mwisho ni saa. BeagleBone haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika inaamka na tarehe ya zamani. Mizani itaandika risiti za mwaka uliopita, na itakataa kuongea na seva kwa sababu cheti cha seva kinaonekana kwake bado hakijaanza kutumika. Ongeza chipu ya saa ya DS3231 yenye betri, iandike kwenye dtb kwa anwani 0x68, na dereva yake tafuta kwa jina la `ds1307`, ndiyo inayoihudumia. Lakini angalia: saa ya ndani ya chipu imeshajichukulia `rtc0`, na kerneli kwa kawaida husoma `rtc0` wakati wa kuwaka, kwa hiyo saa yako nzuri itakaa kama `rtc1` bila kuulizwa na mtu. Badilisha `CONFIG_RTC_HCTOSYS_DEVICE` iwe `rtc1`, au panga upya majina hayo kwenye dtb, kisha chomoa umeme usiku kucha uone asubuhi inasema saa ngapi.